Nahodha na Ngome: Leodegar Tenga na Kumbukumbu ya Beki wa Kati

Lugha ya kandanda ya Kiswahili imejengwa kwa mbao na mawe ya pwani. Mchezaji avaaye kitambaa mkononi na kuwaongoza wenzake huitwa nahodha, nalo ni jina la wakuu wa majahazi yaliyotia nanga Kilwa karne nyingi kabla ya mpira wa ngozi kufika Afrika ya Mashariki. Safu ya walinzi huitwa ngome, neno ambalo mtu wa Kilwa hana haja ya kuelezwa, kwa kuwa Gereza, ile ngome ya mawe ya Kilwa Kisiwani, ingali imesimama ukingoni mwa maji. Maneno mengine yaliingia pamoja na mchezo wenyewe kutoka kwa Waingereza: golikipa, beki, sentahafu, penalti. Lakini Waswahili walipotaka kutaja uongozi na ulinzi, hawakwenda mbali. Walitumia maneno ya bahari na ya kuta, waliyokuwa nayo tayari.

Ajabu ni kwamba kumbukumbu ya mchezo haikufuata njia ya maneno hayo. Mtu akiulizwa habari za kandanda ya Tanzania, aghalabu hujibu kwa jina la mfungaji. Bao lina mwenyewe, lina dakika, lina lango. Kazi ya mlinzi haina hata kimoja kati ya hivyo, kwa maana kazi hiyo ikitimia barabara, hapana kitu kinachotokea. Historia iliyozoea kuandika yaliyotokea itamwekaje katika kurasa zake mtu ambaye ustadi wake wote ulikuwa kuzuia yasitokee? Maisha ya Leodegar Tenga, beki wa kati na nahodha wa timu ya Taifa ya Tanzania, kisha kiongozi wa kandanda ya nchi na ya ukanda wake, yanafaa kupimwa kwa swali hilo.

Yafaa kwanza kueleza cheo chenyewe. Zamani za mwanzo sentahafu hakuwa mlinzi halisi. Alisimama katikati ya uwanja, akizuia na kushambulia. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ilipobadilishwa, washambuliaji walipata nafasi kubwa zaidi, na timu za Uingereza, Arsenal ikiwa mfano mashuhuri, zikamrudisha sentahafu nyuma asimame baina ya mabeki wawili. Wabrazili waliendelea mbele zaidi. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1958, nchini Sweden, walipanga mabeki wanne, wawili wakiwa katikati. Tangu hapo beki wa kati hakuwa tena mtu mmoja peke yake, bali mmoja wa jozi: mmoja humkabili adui, mwingine hubaki nyuma yake kufunika pengo.

Katika habari za Brazil hiyo hiyo lipo jambo ambalo wapenzi wengi wa mchezo hawalitafakari. Nchi hiyo imetwaa Kombe la Dunia mara 5, na katika manahodha 5 waliolipokea, wanne walikuwa walinzi. Bellini wa mwaka 1958 na Mauro Ramos wa mwaka 1962 walikuwa mabeki wa kati. Carlos Alberto wa mwaka 1970 na Cafu wa mwaka 2002 walikuwa mabeki wa kulia. Ni Dunga tu, wa mwaka 1994, aliyekuwa kiungo. Hata hivyo dunia ikisema Brazil husema Pelé na Garrincha, Romário na Ronaldo. Bellini ana sanamu yake mbele ya uwanja wa Maracanã, huko Rio de Janeiro, lakini ni wachache walio nje ya Brazil wawezao kusema alicheza nafasi gani. Ikiwa taifa lenye sifa kuu ya ushambuliaji liliwakabidhi walinzi usukani mara 4 katika 5, hapana budi pana hekima katika uchaguzi huo: aliye nyuma huuona uwanja wote, naye ndiye awezaye kuwapanga wenzake.

Tenga alikulia katika kandanda ya miaka ya 1970, wakati ambapo mapenzi ya mchezo nchini yaligawanyika baina ya klabu mbili za Dar es Salaam, Yanga na Simba, na wakati ambapo migogoro ya klabu ilikuwa mikali kama mechi zenyewe. Ugomvi uliotokea ndani ya Yanga katikati ya miaka hiyo ulizaa klabu mpya, Pan African, iliyokusanya wachezaji wengi hodari na ambayo baadaye, mwaka 1982, ilitwaa ubingwa wa Tanzania. Huko ndiko jina la Tenga lilikojulikana. Huko pia alikuwako Jella Mtagwa, beki wa kati aliyeivaa nguo ya Taifa kwa miaka mingi na kuwa nahodha wake. Katika timu ya Taifa wawili hao walikuwa ndio mihimili ya ngome, na Tenga naye alikivaa kitambaa cha unahodha.

Timu hiyo ndiyo iliyoipeleka Tanzania kwa mara ya kwanza katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Nchi ilikuwa imetoka vitani. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978. Kampala ilianguka mwezi Aprili 1979. Na gharama ya vita ilikuwa ikihisiwa katika kila nyumba. Katika hali hiyo Taifa Stars, chini ya kocha Slawomir Wolk kutoka Poland na Joel Bendera, mwalimu mzalendo, iliitoa Mauritius, kisha ikakutana na Zambia. Dar es Salaam Tanzania ilishinda bao 1 kwa bila. Mwezi Agosti, huko Ndola, Zambia ilitangulia kufunga, na zilipokuwa zimebaki dakika chache Peter Tino akasawazisha. Mechi ikaisha 1 kwa 1, na Tanzania ikafuzu kwa jumla ya mabao 2 kwa 1.

Bao la Tino limesimuliwa tangu siku ile, na limestahili kusimuliwa. Lakini hesabu ya mashindano yale ina upande wa pili. Katika dakika 180 za mechi mbili, Zambia, timu iliyokuwa imefika fainali ya Kombe la Mataifa mwaka 1974, ilipata bao 1 tu. Dar es Salaam haikupata hata moja. Laiti ngome ingepasuka siku ya kwanza, bao la Ndola lingekuwa la kufutia machozi tu, na leo lisingejulikana ila na wachache. Tino alifungua mlango, lakini mlango huo ulikuwa umebaki mahali pake kwa sababu wengine waliushikilia. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Taifa lililookolewa gharama ya ukuta ni nadra kumkumbuka aliyeuziba ufa.

Sababu moja ya usahaulifu huo ni namna mechi zilivyowafikia watu. Chukua mathalani Miteja, wilayani Kilwa, kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi. Siku zile barabara ya kusini ilikatwa na mto Rufiji, uliovukwa kwa kivuko pale Ndundu mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, na wakati wa masika safari ilikuwa ya mashaka. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Kwa mkulima wa korosho au mvuvi wa pwani hiyo, timu ya Taifa haikuwa kitu cha kuonekana. Ilikuwa sauti ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Aliwajua wachezaji kwa masikio.

Sasa sauti ya redio hufuata mpira. Mtangazaji hutaja aliye nao, anayempa, anayepiga, na mwisho hupaza sauti kwa bao. Hana nafasi ya kueleza kwamba beki wa kati, umbali wa hatua 30 kutoka mpira ulipo, amesogea kushoto hatua mbili, na kwa kusogea kwake mshambuliaji wa Zambia amekosa pa kupenyeza pasi, akaurudisha mpira nyuma. Msikilizaji husikia tu kwamba mpira umerudi nyuma. Tukio kubwa la dakika ile limepita bila jina. Pale beki anapotajwa, mara nyingi ni kwa sababu amekosea: amepitwa, amecheza rafu, amesababisha penalti. Kwa hiyo redio, iliyoifanya kandanda kuwa mali ya nchi nzima kutoka Bukoba hadi Miteja, iliandika pia katika masikio ya watu historia ya upande mmoja. Wafungaji waliingia humo kwa fahari yao, na walinzi kwa makosa yao.

Fainali zenyewe zilichezwa nchini Nigeria mwezi Machi 1980, zikiwa na timu 8 tu katika makundi 2. Tanzania iliwekwa Lagos pamoja na wenyeji, Misri na Ivory Coast. Ilifungwa na Nigeria 3 kwa 1, ikafungwa na Misri 2 kwa 1, ikatoka sare ya 1 kwa 1 na Ivory Coast. Mabao ya Tanzania yalifungwa na Juma Mkambi, moja, na Thuwein Ally, mawili. Nigeria ndiyo iliyotwaa kombe, ikiishinda Algeria 3 kwa bila. Na nahodha aliyelipokea, Christian Chukwu, alikuwa mlinzi. Tanzania ilirudi nyumbani na pointi 1.

Mtu aweza kusema kwamba mabao 6 katika mechi 3 si sifa kwa ngome yoyote. Hoja hiyo haina budi kukubaliwa kwa kadiri yake. Ngome iliyoizuia Zambia ilipasuka mbele ya bingwa wa Afrika katika uwanja wake mwenyewe. Lakini baada ya mechi ile ya kwanza timu haikusambaratika. Ilifungwa mabao 3, kisha 2, kisha 1, na kila mara tofauti na mpinzani ilipungua mpaka ikafika sare. Timu changa iliyopigwa siku ya kwanza ikarekebisha mapengo yake mechi baada ya mechi imeonyesha kwamba nyuma yake wapo watu wa kuipanga.

Baada ya Lagos ulikuja ukimya mrefu. Tanzania haikurudi katika fainali hizo kwa miaka 39. Vizazi viwili vilikua vikisikia habari za mwaka 1980 kama wasikiavyo watoto wa Kilwa habari za masultani waliojenga Husuni Kubwa: kwamba palikuwa na ukubwa, nao umebaki magofu. Katika muda huo chama cha mpira cha nchi, kilichojulikana kwa jina la FAT, kilipita katika migogoro ya uongozi iliyoudhoofisha mchezo kuliko mpinzani yeyote wa uwanjani. Hapo ndipo beki wa kati aliporudi. Mwishoni mwa mwaka 2004 Tenga alichaguliwa kuwa rais wa chombo kilichochukua mahali pa FAT, yaani Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF. Alikiongoza hadi mwezi Oktoba 2013.

Katika kupima kazi hiyo ni lazima kutenganisha yaliyo yake na yasiyo yake. Uwanja mpya wa Taifa jijini Dar es Salaam, wenye viti 60,000, uliofunguliwa mwaka 2007 na ambao tangu mwaka 2020 unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, ulijengwa na serikali kwa msaada wa China. Kocha Mbrazili Marcio Maximo, aliyefundisha Taifa Stars kuanzia mwaka 2006 hadi 2010, aliletwa kwa msukumo wa serikali ya Rais Jakaya Kikwete. Lililo la Tenga ni kuwa chombo cha mpira kilikuwa na utulivu wa kutosha kuvipokea vitu hivyo. Kocha haajiriwi na watu wanaofukuzana ofisini, wala wafadhili hawaweki fedha mahali ambapo kila mwezi kuna kamati mpya. Shirikisho lilipata katiba mpya na vipindi vya uongozi vilivyotimia, na mwisho wa vipindi hivyo mwenye kiti akaondoka, akamwachia mwingine kwa njia ya uchaguzi. Kazi yake katika TFF ilikuwa ile ile ya uwanjani: kusimama mahali panapostahili ili mambo mabaya yasitokee.

Matunda yalikuwa ya kiasi. Tanzania ilicheza katika mashindano ya kwanza ya CHAN, yale ya wachezaji wa ligi za ndani, nchini Ivory Coast mwaka 2009, na huko ikawafunga wenyeji 1 kwa bila. Tarehe 7 Juni 2010 Brazil yenyewe ilishuka Dar es Salaam kabla ya kwenda kwenye Kombe la Dunia nchini Afrika Kusini, ikaishinda Tanzania 5 kwa 1. Timu hiyo ilifundishwa na Dunga, na nahodha wake katika Kombe lile alikuwa Lúcio, beki wa kati, mrithi wa Bellini na Mauro. Mwezi Desemba mwaka huo huo Tanzania ilitwaa Kombe la CECAFA katika ardhi yake kwa kuishinda Ivory Coast, iliyoalikwa, 1 kwa bila. Bao hilo la pekee lilipatikana kwa penalti, na aliyelifunga alikuwa nahodha Shadrack Nsajigwa, naye ni beki.

Kwa upande wa pili, katika miaka yote ya uongozi wa Tenga, Taifa Stars haikufuzu hata mara moja kwa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Wakosoaji walisema kwamba utulivu pekee haufungi mabao, na kwamba mchezo wa vijana na ligi za mikoani ulihitaji mengi zaidi. Mtu wa Lindi au wa Kilwa ana haki ya kuipima TFF kwa kigezo chake mwenyewe: je, kijana hodari wa Miteja ameona njia ya kufika timu ya Taifa isiyompitisha kwanza katika vichochoro vya Kariakoo? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa hapana, wala haikutosha ngome kuwa imara ikiwa mipira haiwafikii walio mbele. Hili ni pungufu la kweli katika urithi wa Tenga, na sifa zake hazipaswi kulifunika.

Hata hivyo wenzake wa nchi jirani walimwona kuwa mtu wa kuaminiwa na ngome. Alikuwa rais wa CECAFA kuanzia mwaka 2007 hadi 2015, akaingia katika Kamati ya Utendaji ya Shirikisho la Afrika, CAF, na nyumbani akawa mwenyekiti wa Baraza la Michezo la Taifa. Nje ya michezo aliongoza shughuli za Shirikisho la Wenye Viwanda Tanzania. Ni wachezaji wachache wa kizazi chake waliovuka kutoka nyasi hadi meza kwa namna hiyo. Huenda si bahati tu kwamba aliyevuka alikuwa beki wa kati, mtu aliyezoea kuupanga uwanja akiwa nyuma yake.

Urithi mwingine uko uwanjani wenyewe. Baada ya kizazi cha Tenga na Mtagwa walikuja wengine. Nadir Haroub wa Zanzibar, aliyeitumikia Yanga kwa zaidi ya miaka 10 na kuwa nahodha wa klabu na wa Taifa, alipewa na mashabiki jina la Cannavaro, kwa mfano wa Fabio Cannavaro, beki wa kati aliyepokea Kombe la Dunia kwa niaba ya Italia mwaka 2006. Jina hilo ni heshima, lakini ni dalili pia: shabiki wa Tanzania alipotaka kumsifu beki wake alilazimika kuvuka bahari kutafuta jina, wakati Mtagwa na Tenga walikuwa nyumbani. Mwaka 2016 kitambaa cha Taifa kilitoka mkononi mwa Haroub kikaenda kwa mshambuliaji, Mbwana Samatta, ambaye sifa zake hazina haja ya kutetewa.

Kisha ikafika tarehe 24 Machi 2019. Jijini Dar es Salaam Tanzania iliishinda Uganda 3 kwa bila na kurudi katika fainali za Afrika. Bao la kwanza lilifungwa na mshambuliaji, Simon Msuva. La pili, la penalti, lilifungwa na Erasto Nyoni, na la tatu na Aggrey Morris, beki wa kati. Miaka 39 ilifungwa kwa kichwa cha mtu wa ngome. Tangu hapo Tanzania imefuzu pia kwa fainali za mwaka 2023 na za mwaka 2025, na mwezi Septemba 2023 CAF iliipa Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, uenyeji wa fainali za mwaka 2027. Nchi iliyokwenda Lagos ikiwa mgeni asiyejulikana sasa imepewa kuwakaribisha wengine.

Leo kijana wa Miteja haitegemei tena sauti peke yake. Barabara imevuka Rufiji, na picha ya mechi humfikia kijijini. Aweza kuona kwa macho yake jambo ambalo babu yake hakuweza kulisikia: beki akisogea hatua mbili kushoto, na pasi ikikosa njia. Kwa hiyo udhuru wa zamani umekwisha, na wanaoandika historia ya mchezo huu hawana budi kuhesabu pamoja na mabao yaliyofungwa yale yaliyozuiwa, na pamoja na viongozi walioanzisha mambo wale waliozuia mambo yasivunjike. Huko Kilwa nahodha hakusifiwa kwa dhoruba alizokutana nazo. Sifa yake ilikuwa kwamba jahazi limefika, shehena ni kavu, na mabaharia wote wako hai.